Nani Atakupokea Kazeh?

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawapeleka Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka Tabora mjini, kwenye nyumba ya kuta nene inayojulikana kama Tembe la Livingstone. Siku hizi ni makumbusho. Zamani palikuwa kituo cha watu waliochoka kwa safari, na kuna mfuko mmoja wa barua uliowahi kukwama huko ambao nataka mjue habari zake.

Juni 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, aliingia Unyanyembe, eneo la Tabora, akitokea Bagamoyo. Alikuwa anamtafuta David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti ambaye habari zake zilikuwa zimepotea. Kabla hajampata mwenyewe, alikuta mfuko wake wa barua, umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulitumwa kutoka Unguja ufike hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Lakini watu waliokabidhiwa walikaa nao pwani miezi kadhaa, na ulipofika Unyanyembe ukalala hapo. Agosti vita vikapamba moto kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ikafungwa.

Na mwenye barua zake? Livingstone alirudi Ujiji mwezi Oktoba, mgonjwa, miguu inamuuma, akitegemea kukuta vitambaa na shanga alizotumiwa. Hizo ndizo zilikuwa fedha za njiani wakati ule: chakula, wapagazi, hongo ya kupita kwenye nchi za watemi, vyote vililipwa kwa vitambaa na shanga. Akakuta mtu aliyekabidhiwa ameziuza zote. Hana mali, hana barua, na hakuna mtu wa pwani anayejua kama yu hai. Stanley alizunguka kwa kusini kuvikwepa vita, akavuka Mto Malagarasi, ambako mamba alimchukua punda wake (punda huyo, msicheke, jina lake lilikuwa Simba), mpaka akaingia Ujiji na ule mfuko. Barua zilikuwa zimekaa njiani karibu mwaka mzima.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi hudhani shida ya safari za zamani ilikuwa simba, homa na kiu. Zilikuwepo. Lakini shida iliyowatesa wasafiri kwa muda mrefu kuliko zote ni kuwa mbali na kila mtu anayekufahamu, bila njia ya kumfikia hata mmoja.

Wenyeji wa njia ile walilijua hilo vizuri, na walijiandaa kabla ya kutoka. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilikuwa miezi mitatu hivi kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30 begani, na kiongozi wa msafara, kirangozi, akitangulia. Msafara haukuondoka pwani hivi hivi. Mwenye msafara alihakikisha anajua nani atampokea Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa na wasafiri wa wakati ule, na alitembea na barua ya kumjulisha kwa mtu huyo.

Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Waliondoka pwani Juni, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne. Mfukoni walikuwa na barua ya Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, kwenda kwa Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa hapo. Wakafika. Musa Mzuri hayupo! Amekwenda Karagwe, mbali kaskazini.

Hebu jiweke kwenye viatu vyao. Umetembea miezi minne, una homa, mwenzako naye anaumwa, wapagazi wako wamefika kwao na kila mmoja anataka kwenda kuwaona wazazi wake. Halafu jina pekee ulilonalo halipo mjini.

Kilichowaokoa ni kwamba Musa Mzuri alikuwa na wakala wake hapo, Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman. Yeye ndiye aliyejitokeza. Akawapa nyumba, akawatunzia mizigo, akawasaidia kupata wapagazi wapya, na akawaeleza habari za nchi zilizo mbele. Jina lililoandikwa kwenye barua lilikuwa la mtu mmoja, aliyepokea ni mwingine wa nyumba hiyo hiyo.

Miaka 16 baadaye jambo kama hilo likatokea tena, na hiki ndicho kisa ninachokipenda zaidi katika visa vyote vya njia hii. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba kuurudisha pwani. Hawakuwa na Mzungu wa kuwaamrisha wala askari wa kuwalinda. Njiani wakasikia kwamba kuna msafara kutoka Unguja umefika Unyanyembe, na kwamba Oswell, mtoto wa Livingstone, yumo. Kati ya hao waliobeba mwili alikuwepo Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesomeshwa India katika shule ya Nasik, anayejua kuandika Kiingereza. Akaandika barua kwa Oswell. Chuma akaichukua, akatangulia mbio.

Oktoba 1873 barua ikafika Unyanyembe. Oswell hayupo. Aliyekuwepo ni Luteni Verney Lovett Cameron, amelala na homa, macho yanamsumbua. Lakini barua ilifika mahali penyewe, ikapata mtu wa kuisoma, na msaada ukapelekwa kwa waliokuwa nyuma na mwili. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Mmeona? Musa Mzuri hakuwepo, Oswell hakuwepo, lakini wote waliofika Kazeh walipokelewa, kwa sababu palikuwa na mtu wa pili. Ndiyo maana nawaambia, mkijiandaa kwa safari: kila mji mtakapolala au kubadili usafiri, andikeni majina mawili, si moja. Mtu, na wa kushika nafasi yake.

Sasa tufike kwenye simu yako. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi imekuwa ya saa. Tuseme unatoka Tabora kwenda Kigoma kwa shangazi. Utapita Urambo, Kaliua, Uvinza. Kigoma andika shangazi, kisha jirani yake, au mwenye duka la karibu, au mwalimu wa madrasa, au katekista, mtu anayeijua nyumba. Urambo kama hakuna ndugu, si lazima ubuni mtu. Lakini namba ya ofisi ya basi uliyokatia tiketi uiandike, na namba za usajili za gari uzipige picha kabla hujapanda. Gari likiharibika porini, baba akiulizwa na polisi, "Basi gani?", awe na la kusema.

Namna ya kuandika jina ina maana kuliko mnavyodhani. Simu za wengi zimejaa "Mama", "Mamaa", "Mama Mpya", "Mama Tigo", na picha za maua. Wewe mwenyewe unaelewa. Lakini ukianguka ukazirai pale stendi, anayeishika simu yako ni mtu asiyekujua. Mwaka 2005 mhudumu wa gari la wagonjwa kutoka Cambridge, Uingereza, Bob Brotchie, aliona tatizo hili kazini kila mara: mgonjwa hana fahamu, simu ina majina kibao, na hakuna ajuaye apigiwe nani. Akawahimiza watu waweke alama ya dharura mbele ya jina la mtu wa kupigiwa. Wazo lake likasambaa duniani. Kwetu andika "AA Dharura Mama" na "AA Dharura Baba Mdogo Isevya". Herufi mbili za A hulipandisha jina juu kabisa, neno dharura linamwambia msamaria la kufanya, na Isevya, jina la mtaa, linamwambia kwenu ni wapi.

Kama unatumia kiswaswadu kisichofungwa kwa namba ya siri, hiyo inatosha. Simu janja iliyofungwa haimwonyeshi mtu majina yako. Ingia kwenye mipangilio, tafuta taarifa za dharura, ujaze namba za watu wawili, kundi la damu kama unalijua, na ugonjwa kama unao: pumu, kifafa, selimundu, mzio wa dawa. Taarifa hizo zinaweza kusomwa bila kuifungua simu. Mwenye pumu au selimundu asisafiri kabla hajalifanya hilo, namwomba kwa dhati.

Halafu zipo namba fupi ambazo hazimtaki mtu awe na salio. 112 ni polisi. 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kazi yao si moto tu, hata mtu aliyenasa kwenye gari lililopinduka. 115 ni usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Na 116 ni yenu ninyi, huduma ya simu kwa mtoto, bure, usiku na mchana. Mtu mzima akikutisha njiani, akikulazimisha kushuka pasipo pako, akikugusa, au ukiona mtoto mwenzako anasafirishwa na mtu asiyemjua kwenda kufanya kazi za ndani, piga 116. Hutagombezwa.

Ukivuka mpaka kutoka Kigoma, kwenda Burundi au Kongo, namba inayoanza na sifuri haitakufikisha nyumbani. Kwa hiyo zisevu zote kwa +255 tangu mwanzo, ukiondoa ile sifuri. Hapa nchini zitafanya kazi vilevile.

Simu huisha chaji. Simu huibiwa dirishani gari linaposimama watu wanunue asali na maembe. Kwenye misitu ya miombo baina ya Sikonge na Mpanda mtandao hukatika kwa mwendo mrefu. Na wengi wenu mnaokwenda shule za bweni hamruhusiwi kabisa kuwa na simu. Kwa hiyo chukua karatasi ngumu, andika namba nne kwa kalamu ya wino, ifunge kwenye nailoni, uiweke mbali na pesa, maana anayeiba pochi huondoka na kila kilichomo. Namba moja, ya mama au ya mlezi, iwe kichwani. Isome kwa sauti, mbili mbili au tatu tatu, kama mlivyosoma jedwali la kuzidisha, mpaka uweze kuisema umeamshwa usingizini.

Wezi nao wanajua kwamba familia ya msafiri ina wasiwasi. Humpigia mama na namba ngeni: "Mama, simu yangu imeharibika, ile hela itume kwenye namba hii." Mama kwa huruma anatuma. Kubalianeni nyumbani swali moja ambalo jibu lake linajulikana na ninyi peke yenu, labda jina la mbuzi aliyekufa mwaka jana. Asiyejua jibu, hapati hela. Mkipata ujumbe wa aina hiyo, tumeni namba ya tapeli kwenda 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa hizo.

Bado kazi moja, na ifanye jioni ya kuamkia safari, si asubuhi mko mlangoni na begi. Piga kila namba uliyoandika. Isiyopatikana ifute, utafute nyingine usiku uleule. Atakayepokea na kusema, "Nani mwenzangu?", msalimie, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani, mwambie siku utakayofika na usafiri utakaopanda. Akikujibu kwamba wiki hiyo atakuwa Mpanda kwenye mavuno, kama Musa Mzuri alivyokuwa Karagwe, muulize kwa adabu nani atakuwepo badala yake, andika jina na namba hapo hapo, umpigie huyo naye.