Meno ya kahawia: je, kuyapaka resini kunasaidia?

Msikilizaji, kutoka Bashay hadi vijiji vya chini ya Mlima Hanang, wapo vijana wanaoziba mdomo kwa mkono wanapocheka. Meno yao yana madoa ya kahawia, na wengi huambiwa kwamba hawapigi mswaki. Hiyo si kweli.

Madoa hayo husababishwa na madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania ina floraidi nyingi, nayo huyeyukia kwenye visima na chemchemi. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande nayo huwa na floraidi. Mtoto anapoyapata kwa wingi tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, gamba la nje la jino hutoka na kasoro. Mswaki hauwezi kuliondoa doa hilo. Kusugua kwa mchanga, mkaa au ndimu hulimaliza gamba lenyewe.

Je, kuna tiba? Ipo ya kurekebisha mwonekano. Daktari wa kinywa na meno husafisha jino, hulipaka dawa ya tindikali ili liwe na mikwaruzo midogo, kisha hupaka gundi. Juu yake huweka resini laini yenye rangi ya jino, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hukaushwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Mwisho hulichonga na kuling'arisha. Jino moja huweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima, na mara nyingi hakuna haja ya sindano ya ganzi.

Lakini tuwe wakweli: resini haidumu maisha yote. Baada ya miaka kadhaa huhitaji kurekebishwa au kubadilishwa. Hubadilika rangi kwa chai, kahawa na tumbaku, na huvunjika ukifungulia soda kwa meno. Jino lililoathirika sana hushikana nayo kwa shida. Kwa madoa mepesi, daktari anaweza kushauri kusugua gamba la juu kidogo tu kwa dawa maalumu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: ni meno mangapi yanahitaji kazi hii? Itadumu muda gani? Ikivunjika, nitalipa tena? Usikubali kutengenezwa na mtu wa mtaani asiye na leseni. Anza hospitali ya wilaya, waombe wakuelekeze.

Kwa watoto wadogo bado tuna nafasi ya kuzuia. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inayobaki huwa kali zaidi. Dawa ya klorini pia haiiondoi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi huwa na floraidi kidogo sana, basi watengeeni watoto hayo ya kunywa na kupikia uji, mkiyachemsha kuua vijidudu. Punguzeni magadi kwenye chakula chao.

Pia jumuiya ya watumia maji inaweza kuiomba ofisi ya RUWASA ya wilaya ipime kisima. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ulizeni kisima chenu kina ngapi.