Nilipima kanzu za watu, mguu wa mama ukanipita

WAHENGA walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Mimi si mfinyanzi. Mimi ni fundi cherehani mwenye kibanda changu hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiwashonea wanaume kanzu na suruali. Lakini methali hiyo, mpenzi msomaji, ilinifika kama iliyotungwa kwa ajili yangu. Leo nataka kusimulia namna ilivyonifika, huenda ikamfaa mwenzangu kabla hayajamkuta yaliyonikuta mimi.

Ilikuwa mwaka 2016, siku chache baada ya Idi. Mama yangu, ambaye alikuwa amekwisha pita miaka sabini, aliamka alfajiri kwenda kutawadha. Sakafu ilikuwa na maji, akateleza, akaanguka kwa ubavu. Tulimkimbilia, tukamwinua, tukamlaza kitandani. Akasema nyonga inamuuma. Kama ilivyo ada yetu, sote tulikata shauri kwamba ameteguka, akaitwa bibi mmoja wa mtaani mwenye sifa ya kukanda. Akaja na mafuta yake ya simsim, akakanda kwa nia njema, na mama akauma meno asipige kelele mbele ya wajukuu. Ikawa hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne yule bibi mwenyewe aliosha mikono yake akaniambia, "Mwanangu, hapa mimi sipawezi. Mpeleke mama yako hospitali."

Daktari aliyempokea hakumgusa kwanza. Alisimama miguuni pa kitanda, akafunua shuka, akazitazama nyayo mbili za mama. Kisha akanigeukia akaniuliza, "Hamkuuona mguu huu?" Unyayo wa kulia ulikuwa umelalia upande wa nje, na mguu wenyewe ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa kiasi cha vidole viwili. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika shingoni, pale unapoingia katika nyonga.

Sikuwa na la kumjibu. Suruali ikizidi kwa nusu inchi mguu mmoja, mimi huiona mteja angali mlangoni. Lakini mguu wa mama ulipungua vidole viwili mbele ya macho yangu kwa siku tatu, nami sikuuona.

Mama alipasuliwa, akapona kadiri ya kupona. Alitembea kwa mkongojo, lakini hakusimama tena katika sala. Alisali juu ya kiti mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua mwaka 2019. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

MPWA WANGU NA FUTI YANGU

Mwaka 2021 mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliingia chuo kusomea uuguzi. Jioni moja alifika kibandani, akaniamkia, kisha akasema:

"Mjomba, niazime futi yako."

"Futi ya nini, mwanangu?"

"Nataka kujifunza kupima mifupa."

Nikacheka. "Kwani siku hizi mifupa nayo inashonewa kanzu?"

Naye akacheka, lakini akanivuta kiti nikae, akaninamisha kichwa. Akaweka kidole chini ya kisogo changu, pale ambapo mfupa mmoja hujitokeza mtu anapoinama. "Hapa wewe huanzia kupima urefu wa kanzu, sivyo?" Ndipo hasa. Akaniambia kwamba hiyo ni pingili ya saba ya shingo, na ukiijua hiyo unaweza kuhesabu pingili nyingine zote kuteremka chini: kumi na mbili za kifua, ambazo mbavu hushikana nazo, kisha tano za kiuno, kisha tano zilizoungana kuwa mfupa mmoja, na mwisho kitokono. Kwa jumla ni pingili 33. Shingo ya twiga nayo, kwa urefu wake wote, ina pingili saba tu kama yangu.

Tangu jioni hiyo nikawa mwanafunzi wa mwanafunzi. Yeye alikuwa na majina ya Kilatini, mimi nilikuwa na ya wazee wetu, tukawa tunabadilishana. Akiugusa mfupa ulio juu ya kifua kuelekea begani, nami husema mtulinga. Ule mpana wa mgongoni ni kombe la mkono. Mfupa wa mbele ya mguu, ule unaolia ukijigonga kwenye kiti, ni muundi. Ile pia ya goti inayocheza ukinyoosha mguu, wazee waliiita kilegesambwa. Binti alistaajabu kwamba lugha ya nyanya yake ilikuwa na mifupa yote hiyo, na yeye akidhani imo vitabuni tu.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, kwa sababu mingine huungana kadiri anavyokua. Mkono mmoja, kutoka kifundo mpaka ncha za vidole, una mifupa 27, na wayo mmoja 26. Ukijumlisha mikono miwili na nyayo mbili unapata 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mwili imo katika viungo tunavyoviosha mara tano kwa siku.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba udhu wenyewe ni somo la mifupa. Mkono tunauosha mpaka kwenye kiwiko, au kisukusuku, na mguu mpaka kwenye kongo mbili. Kila mtoto wa chuoni anaijua mipaka hiyo kwa kuipapasa. Akanionyesha jambo ambalo sikulijua: zile kongo mbili ni mifupa miwili mbalimbali. Ya ndani ni mwisho wa mfupa mkubwa wa muundi, ya nje ni mwisho wa ule mwembamba ulio kando yake, na ya nje iko chini zaidi. Nilizipapasa zangu, nikaona kweli. Na mimi miaka yote nimekuwa nikikata kanzu za watu ziishie juu ya kongo hizo!

Kiwiko nacho kina siri yake. Kina vinundu vitatu: viwili vya pembeni, na kile cha nyuma tunachokiegemeza mezani. Ukinyoosha mkono vitatu hivyo hukaa katika mstari mmoja. Ukiukunja hufanya pembe tatu. Mtu akianguka na mpangilio huo ukapotea, kiwiko kimetoka mahali pake au kimevunjika, wala si cha kuvutwavutwa nyumbani.

VIUNGO NDANI YA SALA

Mifupa bila ya viungo ni kuni tu. Siku moja mpwa wangu alikuwa akihangaika kukariri namna viungo vinavyokwenda: kipi hukunja, kipi huzunguka, kipi huteleza. Nikamwambia, "Mwanangu, simama usali rakaa mbili polepole, kisha uniambie umetumia vingapi."

Aliporudi tulihesabu pamoja. Katika kufunga sala, mikono inapoinuliwa, bega hufanya kazi kama tufe ndani ya kisahani kidogo, na kombe la mkono nalo huteleza juu ya mbavu kulifuata. Ndiyo maana kanzu iliyobanwa kwapani hupasuka mshono mtu anapofunga sala, jambo nililolijua kwa kushoneshwa upya bila malipo. Katika kurukuu, mgongo hunyooka. Kinachokunjika ni nyonga. Katika kusujudu tunaweka chini mifupa saba, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.): paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili na ncha za nyayo mbili. Tunapotoa salamu kulia na kushoto, pingili ya kwanza ya shingo huzunguka juu ya kijiti cha pingili ya pili, na kiasi cha nusu ya mzunguko wote wa shingo hutoka katika kiungo hicho kimoja. Anayekubali kwa kutikisa kichwa hutumia kiungo cha juu yake. Anayekataa hutumia hiki.

Na tukiinua viganja kuomba dua, mifupa miwili ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, hulala sambamba. Ukivigeuza viganja vitazame chini, mmoja huvuka juu ya mwenzake. Jaribu, msomaji, huku ukiushika mkono mmoja kwa mwingine, nawe utausikia ukivuka.

MAFUVU YA MISRI

Mpwa wangu alinisomea pia habari za Abdul-Latif al-Baghdadi, mwanachuoni na tabibu aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162 na kufa mwaka 1231. Enzi hizo matabibu wote walimfuata Galen wa Wayunani, ambaye alikuwa amepasua zaidi nyani na wanyama wengine kuliko watu. Galen aliandika kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungwa kidevuni. Kwa karne nyingi wasomi walilikariri neno hilo, ingawa kila mmoja wao alikuwa na taya lake mwenyewe la kushika.

Kati ya mwaka 1200 na 1202 Misri ilipatwa na njaa kubwa, watu wakafa wasipate wa kuwazika. Abdul-Latif alikuwako. Alisikia kwamba mahali paitwapo al-Maqs kuna kilima cha mifupa ya watu, akaenda na wenzake. Walitazama mafuvu zaidi ya 2,000, na kila taya la chini walilolishika lilikuwa mfupa mmoja, hauna kiungo. Akaandika kwamba Galen ana heshima yake, lakini ushahidi wa macho na mikono ni wa kuaminiwa kuliko yeye.

Niliposikia hayo nilinyamaza. Sisi nyumbani kwetu tulikuwa na neno letu tulilolikariri, kwamba aangukaye ameteguka na dawa yake ni kukandwa, tukaacha kuutazama mguu uliokuwa mbele yetu.

JINSI YA KUPIMA

Mwisho nilimwomba anifunze jambo moja tu: mguu hupimwaje? Akanilaza juu ya meza ya kukatia nguo. Akapapasa mbele ya nyonga, chini kidogo ya mahali pa mkanda, akapata ncha ya mfupa ninayoigusa kila siku nikipima kiuno. Akaweka futi hapo, akaivuta mpaka kongo ya ndani, kisha akafanya vivyo hivyo mguu wa pili. Ikawa sawasawa. Akaikunja futi akanirudishia. Alijua ninamfikiria nani, naye asiseme kitu.

Basi, msomaji, mzee wako akianguka, usimwinue kwa pupa wala usimwite mkandaji. Mwache alale chali na uzitazame nyayo zake pamoja. Ukiona mmoja umegeukia nje, au mguu mmoja ni mfupi, usiuvute, usiukande, usimsimamishe wala usimlishe. Weka mto kati ya miguu yake, uifunge pamoja taratibu, umpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwa maana mishipa inayolisha kichwa cha mfupa huo huweza kuwa imekatika. Na hata kama miguu ni sawa, mzee aliyeanguka akalalamikia nyonga au kinena apigwe picha, kwani mara nyingine mfupa uliovunjika hukwama mahali pake, na mtu akaweza hata kutembea juu yake.

Futi yangu ingali ukutani pa kibanda. Kijana akija kupimwa kanzu, nikiweka kidole juu ya pingili ya saba humwuliza kama wazazi wake wako hai. Akisema ndiyo, humwonyesha zile kongo mbili na ile ncha ya nyonga kabla hajaondoka. Sichukui malipo kwa hilo.

Wabillahi taufiq.