Hamira Inavyotambua Virutubishi na Kubadili Umbo: Hoja ya Kuhifadhi Hamira za Urwagwa

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi seli ya hamira, Saccharomyces cerevisiae, inavyopima sukari na naitrojeni katika mazingira yake na kuchagua kuchipua, kujenga nyuzi au kutengeneza spora. Inabainisha kuwa nasaba ya maabara inayorejelewa zaidi duniani imepoteza sehemu ya uwezo huo. Kwa msingi huo, inatetea uhifadhi wa hamira za pombe za jadi za Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Nchini Rwanda, urwagwa hutengenezwa kwa ndizi zilizoivishwa shimoni. Ndizi hukamuliwa kwa nyasi, maji yake hutiwa katika umuvure, yaani chombo cha mti uliochongwa, kisha huongezwa unga wa mtama uliokaangwa. Mara nyingi hamira haitiwi kwa makusudi, bali huja pamoja na mtama, matunda na chombo chenyewe. Maji ya ndizi yana sukari tele lakini protini kidogo. Uwiano huo wa wingi wa sukari na uhaba wa naitrojeni ndio unaoamua umbo la ukuaji wa hamira.

2. Utambuzi wa virutubishi

Kipokezi Gpr1, kilicho kwenye utando wa seli, hutambua glukosi na sukrosi zilizo nje. Protini za Ras hufuatilia hali ya sukari ndani. Ishara zote mbili huongeza AMP ya mzunguko, ambayo huamsha kinasi A, kimeng'enya kinachobadili utendaji wa protini nyingine.

Naitrojeni hupimwa kwa njia nyingine. Mfumo wa TOR, uliotambuliwa mwaka 1991 kupitia hamira zilizostahimili dawa ya rapamycin, huhimiza utengenezaji wa protini pale asidi amino zinapotosha, na hulegea zinapopungua. Kwenye utando, protini Mep2 huingiza amoniamu. Lorenz na Heitman (1998) walionyesha kuwa seli zisizo na Mep2 huendelea kukua penye amoniamu haba, kwa kuwa zina protini nyingine za kuiingiza, lakini hazijengi nyuzi. Kwa hiyo Mep2 ni mlango na pia ni mlinzi anayetoa taarifa.

Taarifa hizo hukutana kwenye jeni FLO11, ambayo protini yake hukaa juu ya ukuta wa seli na kuzishikanisha seli. Gimeno na wenzake (1992) walieleza matokeo yake. Seli zenye seti mbili za kromosomu, zikiwa na sukari ya kutosha na naitrojeni haba, hurefuka, huchipua upande mmoja, hubaki zimeshikana na kupenya ndani ya agari. Kwa kuwa hamira haiwezi kutembea, kukua kwa nyuzi ndiyo njia yake ya kukifikia chakula kilicho mbali. Naitrojeni na sukari zote zikikosekana, seli hizohizo huacha kukua na kutengeneza spora.

3. Pengo katika nasaba ya marejeo

Jenomu ya kwanza ya hamira, iliyochapishwa mwaka 1996, ni ya nasaba S288C. Kwa mujibu wa Mortimer na Johnston (1986), takriban asilimia 88 ya jenomu hiyo inatokana na hamira iliyopatikana kwenye tini lililooza huko Merced, California, mwaka 1938. S288C ilipendelewa maabara kwa sababu seli zake hazigandamani. Mwaka huohuo wa 1996, Liu, Styles na Fink walithibitisha kuwa jeni yake FLO8, inayohitajika ili FLO11 ifanye kazi, imeharibika. Nasaba hiyo haijengi nyuzi hata ikinyimwa naitrojeni.

Sifa iliyowafaa watafiti ndiyo iliyoficha tabia muhimu ya kiumbe. Si sahihi, basi, kudhani kuwa hamira za urwagwa zinatenda kama S288C. Sharti zipimwe zenyewe.

4. Athari kwa sera

Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unahesabu vijidudu kuwa sehemu ya rasilimali za jenetiki, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inadai mgawanyo wa haki wa manufaa yake. Rwanda ni mwanachama. Kwa washauri wa Bunge la Rwanda, ambalo makao yake yako Kimihurura jijini Kigali, hatua tatu zinafaa kuzingatiwa:

(i) kukusanya hamira kutoka kwa watengenezaji wa urwagwa na kurekodi mahali, aina ya ndizi na mtama uliotumika;

(ii) kupima umbo la ukuaji wa kila nasaba penye naitrojeni haba, badala ya kutegemea jina la spishi pekee;

(iii) kuwatambua watengenezaji kuwa wenye haki katika makubaliano yoyote ya matumizi ya kibiashara.

5. Hitimisho

Hamira kavu ya kununuliwa ikichukua nafasi ya ile inayoishi katika umuvure, nasaba za asili zinaweza kutoweka kabla hazijachunguzwa. Jeni iliyoharibika inaweza kurekebishwa maabara iwapo nakala yake nzima ipo mahali fulani. Nasaba ambayo haikuhifadhiwa haina pa kurejeshwa.