Je, kila kabila lilimjua Mungu?

Miongoni mwa majina ya Mungu kwa Wasukuma, wenyeji wa Somanda wilayani Bariadi, ni Liwelelo, lenye maana pia ya ulimwengu. Majina kama hayo ndiyo hoja kongwe ya waumini: ikiwa watu wasiowahi kukutana wote wamjua Muumba, hawezi kuwa amebuniwa. Mkenya John Mbiti aliyakusanya kwa wingi katika kitabu chake cha mwaka 1970.

Mwanazuoni wa Uganda, Okot p'Bitek, alimpinga. Alisimulia kuwa mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kukosekana neno la kuumba, swali likawa ni nani aliyewafinyanga. Wakatajiwa Rubanga, apindaye watu migongo kwa kibiongo.

Pingamizi hilo ladhoofisha ushahidi wa majina tu, halithibitishi kwamba Mungu hayupo. Na Liwelelo laguswa iwapo tu nalo lilizaliwa na swali la mgeni.