Jinsi ya kukadiria maji yatakayohifadhiwa na udongo wa shamba lako

MAJIRANI wawili hupanda mahindi siku moja na kupata mvua ile ile. Mvua inapokatika kwa majuma mawili, mimea ya mmoja hunyauka ilhali ya mwenzake ingali kijani. Aghalabu lawama huelekezwa kwa mbegu, kumbe chanzo ki katika udongo.

Udongo ni mchanganyiko wa chembe za aina tatu. Chembe za mchanga huwa na upana wa kati ya milimita 2 na 0.05, nazo za mfinyanzi hazifikii milimita 0.002. Baina yake zimo chembe laini mithili ya unga. Uwiano wa chembe hizo ndio humwezesha mtaalamu kukadiria mwendo wa maji ardhini.

Udongo wa kichanga una mianya mikubwa, hivyo huweza kupitisha zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa. Mfinyanzi huenda usipitishe hata milimita 5. Isitoshe, mfinyanzi hung'ang'ania maji: mimea inaponyauka, takriban asilimia 30 ya ujazo wa udongo huo bado yaweza kuwa maji ambayo mizizi haiwezi kuyafyonza.

Tuseme mizizi imefika kina cha nusu mita na mmea unatumia milimita 5 kwa siku. Udongo wa kichanga wenye akiba ya milimita 60 kwa kila mita utautosheleza kwa siku 6 tu. Tifutifu yenye milimita 150 itaukimu kwa siku 15.

Mwaka 2006, wataalamu wa Marekani, Keith Saxton na Walter Rawls, walichapisha milinganyo ya kukadiria hayo kutokana na kiasi cha mchanga, mfinyanzi na mboji.

Hata hivyo, makadirio hayo yahitaji tahadhari. Udongo mwekundu wa Kiambu na Murang'a una mfinyanzi mwingi, lakini madini ya chuma huzifumbata chembe zake kuwa vidonge imara, na maji hupita vyema. Udongo mweusi wa Mwea nao hupasuka unapokauka, maji yakazama nyufani. Ukilowa hufura na kujifunga, ndiposa unafaa mpunga.

Mkulima aweza kuanza kwa chupa. Tia udongo hadi thuluthi moja, ongeza maji, tikisa kwa nguvu kisha uiache itulie. Mchanga hutua kwa takriban dakika moja, chembe za kati kwa saa chache, na mfinyanzi kwa siku moja au zaidi. Pima unene wa kila tabaka.

Kisha chimba shimo, ulijaze maji na utazame yanavyopungua. Chupa hukadiria, shimo huthibitisha. Mwenye kichanga na anyunyize maji kidogo kidogo, mara kwa mara, na kuongeza samadi. Mwenye mfinyanzi na achimbe mitaro kabla ya masika.