Unataka Nemo kwa keja yako Kebirigo? Soma hii kabla uchome doh

Ile video umeicheki. Keja imezimwa taa, tanki ndogo ya glasi inawaka bluu juu ya meza, Nemo wawili wanajificha ndani ya kitu kinatingika kama nywele, na chini msee ameandika ati ni lita 60 tu, mtu yeyote anaweza. Wewe uko Kebirigo, umeanza kupiga hesabu. Glasi fundi wa madirisha atakata. Pampu unaagiza. Samaki wanatoka huko Mombasani. Kwani noma iko wapi?

Noma iko kwa hiyo "lita 60 tu". Watu hudhani tanki ndogo ndio ya kuanzia juu ni rahisi na haikuli nafasi. Kwa maji ya chumvi mambo ni kinyume. Bahari Hindi ni kubwa hadi joto la jua la siku moja ama mvua ya usiku mmoja haiifanyi kitu. Samaki wa mwamba na matumbawe wamezaliwa wakijua dunia yao haishtuki. Sasa unawaweka kwa maji ya mitungi mitatu ya lita 20, mahali jioni moja mbaya inabadilisha kila kitu. Kazi yako si kulisha samaki. Kazi yako ni kuwa bahari, masaa 24, na hakuna off.

Tuanze na chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Sehemu kubwa, kama gramu 30, ni sodiamu na kloridi, yaani ile ile ya kwa ugali wa mboga. Lakini hizo gramu tano zimebaki ndio mjengo: magnesiamu kama miligramu 1,300 kwa lita, kalsiamu kama 400, salfeti, potasiamu na vitu vingine kidogo kidogo. Matumbawe si mmea na si jiwe, ni mnyama anayejenga mifupa yake kutoka kwa hiyo kalsiamu. Ukimwaga pakiti za chumvi ya duka kwa maji ya bomba hujatengeneza bahari, umetengeneza supu. Unahitaji ile chumvi maalum ya tanki, kilo mbili na kitu kujaza lita 60 mara ya kwanza, halafu karibu kilo moja kila mwezi ukibadilisha lita sita za maji kila wiki. Hiyo chumvi haiko kwa duka la pembeni, so usiingoje iishe ndio uanze kuitafuta.

Maji yenyewe pia. Nyamira hatuna shida ya mvua, lakini maji ya mvua yamepita kwa mabati, na mabati ina zinki. Maji ya bomba yanaweza kuja na klorini, na yakipita kwa viungo vya shaba yanabeba shaba. Shaba kidogo tu samaki anaweza vumilia, lakini konokono, kamba na matumbawe zinadedi. Njia fiti ni maji yamechujwa kwa mashine, kama yale ya duka za kujaza mitungi. Uliza kwanza kama huwa wanaongeza madini baada ya kuchuja. Kama wanaongeza, tafuta duka lingine.

Kuna kitu kimoja wengi hawashiki haraka: maji yakikauka, chumvi haiendi nayo. Tuseme tanki yako inapoteza lita moja kwa siku. Ukienda Nairobi siku tano, unarudi kupata lita 55 badala ya 60, na ile chumvi yote bado iko ndani. Umetoka gramu 35 ukafika zaidi ya 38. Kwa bahari hiyo haifanyiki, kwa meza yako imefanyika kati ya Jumatano na Jumapili. Dawa ni kuongeza maji matamu, yale hayana chumvi, kila siku, hadi pale mstari ulikuwa. Ukiongeza ya chumvi unazidisha noma. Na kupima usitumie ulimi, buda. Kuna kifaa kinaitwa refraktomita, unadondosha tone moja unaangalia kwa mwangaza.

Sasa tuje kwa mambo ya hapa kwetu. Mtu wa Mombasa akiweka tanki, vita yake ni kuipoza. Wewe wa Kebirigo unapigana vita tofauti. Kiswahili kinaita maji yasiyo na chumvi "maji baridi", lakini huku hata ya chumvi yatakuwa baridi. Hawa viumbe wanataka kati ya digrii 24 na 27, usiku na mchana. Huku kwa zone ya majani chai, karibu mita 2,000 juu ya bahari, usiku keja inashuka hadi unalala na blanketi mbili. So hita itafanya kazi kuliko vile wale wasee wa video wanakuambia.

Piga hesabu na mimi. Hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku ni uniti 1.2. Taa ya wati 50 kwa masaa tisa ni karibu nusu uniti. Pampu ya wati 10 haizimwi, hiyo ni robo. Jumla ni kama uniti 1.9 kwa siku, yaani 57 kwa mwezi. Tangu 2023 ile bei ya chini ya EPRA ni ya wale hawapitishi uniti 30 kwa mwezi. Tanki peke yake, kabla uchaji simu ama upige pasi, imekutoa huko. Na hita usinunue moja kubwa, nunua mbili ndogo. Siku kubwa ikikwama ikiwa imewaka, inapika kila mtu ndani. Ndogo ikikwama haina nguvu ya kufika hapo haraka, na moja ikizimika ile ingine inashikilia.

Halafu stima yenyewe. Hizi ridge za Gusii zinajulikana kwa radi. Hewa ya kutoka ziwa inakutana na ya milima, mchana unaona wingu limekaa, jioni inapasuka, na stima inaenda. Ikienda, si taa unafaa kuogopea. Matumbawe yanaweza kaa giza siku moja mbili bila shida kubwa. Kinachoua kwanza ni hewa. Pampu ikisimama, maji hayageuki, oksijeni haiingii. Na hapa Kebirigo unaanza tayari ukiwa nyuma: kwa huu urefu hewa ni nyepesi, na maji yanashika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kwa hivyo nunua pampu ya hewa ya betri kabla ununue samaki hata mmoja. Ukipatikana bila, chota maji na jagi uyamwage kutoka juu, tena na tena. Joto linafuata: funga glasi na blanketi, weka chupa za maji moto zimefungwa zielee ndani. Usimwage maji moto kwa tanki. Na unganisha vifaa kwa kilinda stima, juu ikirudi na kishindo ndio huchoma vitu.

Jiko la makaa ndani ya keja imefungwa ni hatari kwako wewe kwanza, hiyo unajua. Lakini hata moshi ukiwa mdogo, ile kaboni dayoksidi inaingia majini na kushusha pH, na unataka ikae kama 8.1 hadi 8.4. Dawa ya mbu ya kupuliza pia isikaribie. Na ukipata zoanthi, yale matumbawe laini yanafanana vifungo vya shati, usiwahi chemsha jiwe lenye yako juu. Baadhi yana sumu inaitwa palitoksini, na mvuke wake umewahi kupeleka familia nzima hospitali huko majuu.

Tuseme umepanga yote. Bado huweki samaki. Mavi ya samaki na chakula kimeoza vinatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo ni afadhali na unaitoa ukibadilisha maji. Hao bakteria wanahitaji wiki nne hadi sita kukaa sawa kwa mawe na mchanga. Mwezi na nusu, msee, unaangalia maji na mawe. Majirani watakuuliza kama umepagawa. Baadaye samaki wakija watakuuliza hii tutakula lini.

Mawe yenyewe, yale laini ya Tabaka ya kuchonga vinyago waachie mafundi, si ya kazi hii. Mchanga wa mjengo pia achana nao.

Na samaki anatoka wapi? Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo tangu miaka ya sitini. Wanashikwa na wapiga mbizi, mmoja mmoja, kwa nyavu, sehemu kama Shimoni na Kilifi. Wengi hawazaliwi shambani, wametolewa mwamba. Yule Nemo wa filamu ya 2003 hata si wa kwetu, anaishi mashariki zaidi. Wetu ni jamaa zake, mmoja ana mistari miwili minene myeupe, mwingine ana mstari mmoja mweupe juu ya mgongo. Lakini nje wanazalisha Nemo kwa tanki siku nyingi, na mimi ningekuambia ungoje huyo wa kuzalishwa, hata kama bei imepanda. Samaki wa tanki amezoea tanki. Yule wa Shimoni amesafiri zaidi ya kilomita 700 ndani ya mfuko wa plastiki ndio aje adedi kwako juu tokeni iliisha.

Matumbawe ni stori nzito zaidi. Mwaka 1998 El Niño ilipasha joto Bahari Hindi, na matumbawe mengi ya Kenya yakawa meupe yakafa. Ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo sana unaowalisha, joto likizidi wanautema, wakikosa chakula muda mrefu wanaenda. Mpaka leo Shimoni kuna watu wa REEFolution wanatundika vipande vya matumbawe chini ya maji vikue, halafu wanavipanda. Kwa hivyo mtu akikuambia ati atakutolea kipande huko Kisite ama Malindi, mkatae. Hizo ni mbuga za bahari, hakuna kutoa kitu. Na matumbawe yote magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, kuyavusha mpaka bila kibali ni kesi. Kipande halali ni kile kimekatwa kwa tanki ya mtu mwingine ama kimeingia na karatasi zake. Anza na yale laini, haya magumu yanaweza ngoja mwaka.

Ile kitu ya kutingika kama nywele kwa video ni anemoni. Ndio ya mwisho kabisa kununua. Inataka tanki imekomaa, na Nemo anaishi poa bila hiyo. Dory pia sahau, huyo anakua hadi urefu wa mkono wako na lita 60 kwake ni jela.

Ukisafiri, usiache maagizo ya mdomo. Chora mstari kwa glasi na kalamu ya wino usiofutika, jaza chupa za maji matamu uziandike siku, funga chakula kwa karatasi, kipimo kimoja kila karatasi, halafu mwonyeshe jirani mara mbili. Mwonyeshe pia plagi ya pampu, umwambie ukweli wote: hata simu yake ikizima kabisa, hiyo haichomolewi.