Udaktari upi kwa mtu wa ofisi ya chuo kikuu?

Katika ofisi za vyuo vya Likasi wako watumishi wenye lisansi na uzoefu mrefu, wanaotamani udaktari ili wapande hadi uongozi. Intaneti inawatangazia aina mbili: ule wa utafiti, yaani PhD, na ule wa wanataaluma walio kazini, kama EdD ya elimu au DBA ya uendeshaji wa biashara. Anayekusudia kubaki Kongo namshauri achague wa kwanza.

Sababu ni muundo wa chuo chenyewe. Chuo cha serikali huongozwa na kamati ambamo wamo rekta, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Rekta na katibu wa masomo ni maprofesa, na njia ya uprofesa hupita kwenye tasnifu ya udaktari wa utafiti: asistenti, mkuu wa kazi, kisha, baada ya kuitetea, profesa mshiriki na kuendelea. Hata daktari wa tiba, pamoja na jina lake, hawi profesa mpaka aandike kazi ya utafiti ya kiwango hicho.

EdD si shahada duni. Harvard iliianzisha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa ajili ya viongozi wa elimu, na Marekani wako wakuu wengi wa vyuo wenye nayo. Lakini Harvard yenyewe iliibadilisha kwa PhD, kundi la kwanza likiingia 2014. Hapa kwetu, ulinganifu wa shahada ya nje hupimwa na wizara ya elimu ya juu huko Kinshasa. Ulizia hilo kabla ya kulipa hata faranga moja. Naumia nikifikiria mzazi anayetoa karo ya watoto wake kununua karatasi isiyofungua mlango.

Udaktari wa tasnifu haukulazimishi kuiacha ofisi. Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka hapa, kuna kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu. Mada nayo inaweza kutoka kazini kwako: mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ambao msingi wake ni sheria ya elimu ya 2014, umeleta maswali ambayo mtunza mafaili anayajua kuliko profesa: jinsi alama zinavyohamishwa, kwa nini mwanafunzi anakwama kati ya mfumo wa zamani na mpya, karo inaingiaje. Peleka swali moja kwa promoteri, yaani msimamizi wa tasnifu, na umuulize waziwazi wanafunzi wake wa mwisho walichukua miaka mingapi kutetea.